Mpanda ngazi hushuka, na kushuka nako kuna mafunzo yake

Ukimuuliza kijana yeyote anayekimbia katika barabara zetu za Ainabkoi akueleze mazoezi yake, atakuhesabia kilomita alizokwenda na vilima alivyovipanda. Atakutajia mwinuko uliomtoa jasho na mwenzake aliyeshindwa kufika juu. Hatakueleza hata kidogo jinsi alivyoteremka. Kwetu sisi mteremko ni mapumziko, na kona ni mahali pa kupitia tu. Mtu hupanda kwa bidii, kisha hujiachilia chini kama gunia la viazi lililodondoka garini, magoti yake akimwachia Mungu.

Nimeshika kalamu leo kuupinga mtazamo huo. Naamini kwamba kuteremka na kukata kona ni ujuzi kama ujuzi mwingine wowote, kwamba ujuzi huo hufunzwa kwa mazoezi maalumu ya polepole, na kwamba vijana wetu wanaumia na kushindwa pasipo sababu kwa kuwa hakuna anayewafunza. Ili nieleweke vyema, sina budi kuanza mbali, katika mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwenye runinga pekee. Nauzungumzia mchezo wa kuteleza kwenye theluji.

Bila shaka msomaji atashangaa. Ainabkoi na theluji, wapi na wapi? Baridi tunayo, hilo halina ubishi. Tuko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na reli itokayo Nakuru kwenda Eldoret hutufikia baada ya kupita kilele chake upande wa Timboroa. Kuna asubuhi ambapo jalidi huyaunguza majani ya viazi yakawa meusi. Lakini theluji ya kuteleza hatuna. Hata hivyo, ikumbukwe kwamba Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki za majira ya baridi alitoka papa hapa Uasin Gishu, wala hakutoka ughaibuni.

Huyo ni Philip Boit, mzaliwa wa Eldoret, wa ukoo wa Mike Boit aliyetuletea nishani ya shaba ya mita 800 kutoka Munich mwaka 1972. Naye Philip alikuwa mkimbiaji wa masafa ya kadiri. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimpeleka Finland pamoja na mwenzake, Henry Bitok, ili ionekane kama mwanariadha wa Kenya anaweza kugeuzwa kuwa mtelezaji. Huko ndiko alikoiona theluji kwa mara ya kwanza. Miaka miwili baadaye, mwaka 1998, alisimama kwenye mstari wa kuanzia huko Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10.

Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, dakika zipatazo 20 baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimngoja hadi alipofika, akamkumbatia mbele ya ulimwengu mzima. Boit alifurahishwa mno na utu huo hata akampa mwanawe jina la Dæhlie. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi, na kila kinaposimuliwa watu hutabasamu, wakasifu moyo wa kutokata tamaa. Mimi pia nausifu. Boit hakukata tamaa, kwani alirudi katika Olimpiki za mwaka 2002 kule Salt Lake City na za mwaka 2006 kule Turin.

Lakini tukisha kutabasamu, na tujiulize swali moja. Je, Boit alipungukiwa na nini? Hakupungukiwa na pumzi. Mtu aliyezaliwa na kukulia kwenye nyanda zetu za juu hakosi mapafu. Hakupungukiwa na moyo wala nguvu za miguu. Alichopungukiwa nacho ni miaka. Mtoto wa Norway huvalishwa mbao za kutelezea punde baada ya kujua kutembea, naye hujifunza kuteleza, kusimama, kugeuka na kushuka kabla hajajua kusoma. Boit alianza akiwa mtu mzima. Mapafu hayawezi kulipa deni la namna hiyo. Hilo ndilo funzo ninalolichota Nagano, nalo si la theluji peke yake.

Sasa na tuutazame mchezo wenyewe kwa karibu, hasa ule wa kuteremka mlimani na kupinda huku na huku. Mtu asiyeujua hudhani kwamba kazi kubwa ni ujasiri wa kujitupa chini. La hasha. Kazi yote imo katika mageuko. Mtelezaji hupunguza mwendo, hushika njia na hujiokoa kwa kugeuka. Anapopinda, uzito wake hauna budi kukaa juu ya ubao wa nje, yaani ule ulio mbali na upande anaoelekea. Kingo za chuma za mbao zile huuma theluji na kumchukua katika mzunguko. Akiogopa, mwili wake humvuta nyuma na kumwegemeza upande wa mlima. Hapo uzito huhamia ubao wa ndani, kingo za nje huachilia, naye huanguka. Kwa maneno mengine, silika ya mtu aliye mteremkoni humdanganya. Humwambia aegemee nyuma, ilhali usalama uko mbele na nje.

Na kwa kuwa silika hudanganya, haitoshi kumwambia mwanafunzi afanye hivi au vile. Atakubali kwa kichwa, na mwili utakataa. Ndiyo maana walimu wa mchezo huo wamebuni mazoezi madogo madogo, kila moja likifunza jambo moja tu. Mwanafunzi mchanga huelekeza ncha za mbao zake pamoja kama pembe, akajifunza kupunguza mwendo na kugeuka taratibu. Akisha kulimudu hilo, husimama kikingamo na kuteleza kiubavu, akizilaza kingo ili ateremke na kuzisimamisha ili asimame, mara nyingi, mpaka nyayo zake zijue tofauti. Kisha huambiwa ageuke huku ameunyanyua ubao wa ndani. Zoezi hilo halina hila, kwani asiyeuweka uzito mahali pake hawezi kuunyanyua ubao huo. Hali kadhalika, hupewa fimbo zake azibebe mbele kwa mikono miwili kama mtu abebaye sinia la vikombe, ili mabega yaendelee kuelekea bondeni wakati miguu inapogeuka chini yake. Pengine huambiwa aanze kugeuka asimalize, aanze tena asimalize, akivuka mteremko kwa mawimbi madogo.

Msomaji atatambua mambo mawili katika mazoezi hayo. La kwanza ni kwamba yote hufanywa kwenye mteremko mwepesi, ambako mwanafunzi haogopi. Hofu ikiingia, mafunzo hutoka. La pili ni kwamba hufanywa polepole na kurudiwa hadi yachoshe. Wala si ya wanagenzi peke yao. Mikaela Shiffrin wa Marekani, ambaye mwaka 2023 aliivunja rekodi ya Ingemar Stenmark wa Sweden ya ushindi 86 katika Kombe la Dunia, na mwaka 2025 akafikisha ushindi wa 100, anajulikana kwamba katika utoto wake alitumia muda mwingi kurudia mazoezi ya kugeuka kuliko kushindana. Wenzake walikimbilia medali za watoto, yeye akabaki kilimani akirudia jambo lile lile. Matunda yake tumeyaona.

Narudi nyumbani. Msichana mmoja wa jirani zangu, mwenye umri wa miaka 15, alikuwa tegemeo la shule yake katika mbio za nyika. Sitaitaja shule yenyewe, maana kosa si lake pekee. Msichana huyo alikuwa akipanda mlima kana kwamba anavutwa kwa kamba. Siku ya mashindano aliongoza hadi juu, kisha njia ikashuka kwa ghafula na kupinda kulia penye udongo mwekundu uliolowa mvua ya usiku. Aliingia pale kwa kasi yote aliyokuwa nayo, kiwiliwili kimelala nyuma, mikono hewani, macho yakitazama miguu. Mguu wa nje uliteleza. Kifundo cha mguu kilivunjika. Kilipopona, mwoga alikuwa amekwisha kuzaliwa ndani yake, naye hakimbii tena. Watu walisema ni bahati mbaya. Mimi nilikuwepo, na sikuiona bahati mbaya. Nilimwona mtoto aliyefunzwa nusu ya kazi.

Kosa lake, msomaji, ni lile lile la anayeanguka kwenye theluji. Aliegemea nyuma alipopaswa kuegemea mbele kidogo, na alitazama miguu alipopaswa kutazama njia. Theluji na udongo wetu mwekundu uliolowa havitofautiani sana, kwani vyote viwili humwadhibu anayeogopa mteremko.

Kuna wazee wa riadha watakaonicheka. Watasema kwamba Wakenya wameshinda dunia kwa kukimbia tu, bila michezo ya fito na vigingi. Watanitajia Amos Biwott, aliyetwaa dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kule Mexico mwaka 1968 kwa mtindo wake mwenyewe ambao haukuwa katika kitabu chochote, akiruka bwawa zima na kutua miguu ikiwa mikavu. Watanikumbusha kwamba kuanzia mwaka huo hadi 2016, kila Olimpiki ambayo Kenya ilishiriki, dhahabu ya mbio hizo za wanaume ilikuja kwetu. Watanitajia pia mbio za nyika za dunia, ambako timu yetu ya wanaume ilishinda mara 18 mfululizo, tangu 1986 hadi 2003. Je, mafunzo ya kona yalikuwa wapi wakati huo?

Hoja hiyo ina uzito na siidharau. Lakini nawaomba wazee wangu watazame yaliyofuata. Katika Olimpiki za Tokyo, zilizofanyika mwaka 2021, dhahabu ya viunzi na maji ilikwenda kwa Soufiane El Bakkali wa Morocco, na sisi tukapata shaba. Jijini Paris mwaka 2024 El Bakkali alishinda tena, fedha ikaenda Marekani, nasi tukarudi na shaba. Katika mbio za nyika za dunia za mwaka 2019 mjini Aarhus, Denmark, njia ilipandishwa juu ya paa la jumba la makumbusho na kuteremshwa upande wa pili. Majirani zetu wa Uganda walichukua nafasi ya kwanza na ya pili kwa wanaume wakubwa, Joshua Cheptegei na Jacob Kiplimo, pamoja na ushindi wa timu. Sidai kwamba mteremko au kiunzi ndicho kilichotushinda mara zote hizo. Ninalolisema ni kwamba zamani tulikuwa na akiba ya pumzi iliyotosha kufidia kila upungufu. Akiba hiyo imepungua kwa sababu wengine nao wamejifunza kupanda. Panapobakia tofauti ndogo kati ya mtu na mtu, ndipo kona inapoamua.

Nani asiyekumbuka mashindano ya dunia ya London mwaka 2017? Beatrice Chepkoech aliipita njia inayopinda kwenda kwenye bwawa la maji, akalazimika kurudi nyuma ili aruke, huku wenzake wakitokomea. Alimaliza wa nne. Dhahabu na fedha zikachukuliwa na Wamarekani wawili, Emma Coburn na Courtney Frerichs. Mwaka uliofuata, mjini Monaco, Chepkoech huyo huyo aliweka rekodi ya dunia ya dakika 8 na sekunde 44.32. Uwezo alikuwa nao. Siku ile ya London mapafu yake hayakumwangusha, ila alipita palipopinda.

Kama hiyo haitoshi, na tukumbuke Boston mwaka 1988. Ibrahim Hussein wetu alimshinda Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja baada ya kilomita 42. Sekunde moja! Njia ya Boston huanza kwa kuteremka, na kabla ya utepe hupinda kulia, kisha kushoto. Sekunde moja hupotea katika kona moja mbovu, wala haiokotwi tena.

Isitoshe, si kweli kwamba mazoezi ya aina hii ni mageni kwetu. Kule Iten, Bruda Colm O'Connell, aliyefika Kenya kutoka Ireland mwaka 1976, amejulikana kwa miaka mingi kwa kuwashughulisha wanafunzi wake na mazoezi ya mwendo, ya kusimama vizuri na kunyanyua goti, kabla ya kuwafungulia kasi. Mmoja wao ni David Rudisha, ambaye rekodi yake ya mita 800 ya dakika 1 na sekunde 40.91 aliiweka London mwaka 2012. Kutoka Ainabkoi hadi Iten si mbali. Kinachotuzuia kuiga ni nini, kama si ile imani kwamba mtoto wa huku huzaliwa akijua?

Basi nini kifanyike? Napendekeza jambo dogo lisilohitaji bajeti wala kamati. Baada ya ngano kuvunwa, tuna mashamba yenye miteremko ya kila namna. Mwalimu wa michezo achague mteremko mwepesi wenye nyasi, achimbie fito kumi kwa mstari unaokwenda kombokombo, na mara mbili kwa juma awape wanafunzi wake robo saa tu. Mara ya kwanza washuke kwa kutembea. Kisha washuke kwa mwendo wa mchakamchaka, hatua fupi, kiwiliwili kikiinama kidogo mbele kutoka kwenye vifundo na si kutoka kiunoni. Macho yasitazame ufito ulio karibu bali ule unaofuata. Kila wanapozunguka ufito, wausikie uzito ukikaa juu ya mguu wa nje, na goti la mguu huo likunjike kidogo ili lipokee mshindo.

Baadaye wapewe fimbo waibebe mbele kwa mikono miwili, wala isiyumbe. Anayeyumbisha fimbo anayumbisha mabega, na anayeyumbisha mabega hana kona. Waambiwe pia wasimame ghafula kwenye ufito wowote utakaotajwa, maana asiyeweza kusimama hana haki ya kukimbia kwa kasi. Mteremko uongezwe ukali pale tu ambapo darasa zima limeumudu ule mwepesi. Siku ya mvua wasifukuzwe nyumbani. Wapelekwe mahali palipolowa, washuke polepole, nyayo zao zijifunze udongo. Kuteremka huichosha misuli ya paja kwa namna ambayo kupanda hakuichoshi, kwa kuwa misuli hiyo hufanya kazi ya breki. Kwa hiyo kazi ianze kwa kiasi kidogo na iongezwe taratibu, la sivyo tutawaumiza tukidhani tunawafunza.

Kuna atakayesema kwamba wazazi hawatakubali watoto wao wacheze kombokombo badala ya kukimbia. Namjibu kwamba wazazi wa Ainabkoi wanajua thamani ya kazi ya pole. Nani kati yetu hupanda viazi bila kuandaa matuta? Nani humfunza ndama kuvuta mkokoteni kwa kumfunga mzigo mzima siku ya kwanza? Tunayajua haya shambani, tunayasahau kiwanjani.

Yuko pia atakayesema kwamba theluji ni mchezo wa matajiri, na mifano yake haitufai. Ni kweli mchezo wenyewe una gharama. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyehamia Austria akiwa na umri wa miaka mitatu, aliiwakilisha Kenya huko Pyeongchang mwaka 2018 na kuwa mwanamke wa kwanza wa nchi hii katika Olimpiki za majira ya baridi. Miaka minne baadaye hakufika Beijing, na sababu iliyotajwa ilikuwa ukosefu wa fedha. Hilo linasikitisha. Lakini fedha hununua theluji, mbao na tiketi za ndege. Njia ya kufunza hainunuliwi. Kuligawa jambo gumu vipande vipande, kila kipande kikafunzwa peke yake mahali pasipotisha, ni akili, na akili haitozwi ushuru. Simader alipata mafunzo hayo kwa kuwa alikulia mahali ambapo kila mtoto hufunzwa kushuka. Mtoto wa Ainabkoi amekulia mahali ambapo kila mtoto hufunzwa kupanda. Nasema apewe yote mawili.

Tena faida yake haitaishia kwenye medali. Wengi wa vijana wanaokimbia hapa hawatafika Olimpiki, na hiyo si aibu. Watakuwa wakulima, walimu, wauguzi na waendeshaji wa bodaboda. Kijana aliyefunzwa tangu utotoni kwamba kona huingiwa kwa kupunguza mwendo, kwa macho kutangulia na kwa mwili kutulia, ataubeba ujuzi huo siku atakapokuwa na abiria wawili nyuma yake kwenye mteremko wa tope. Pale nako pana wanaovunjika, na wengine hawaamki tena. Hao nao huitwa wa bahati mbaya.

Nawasihi walimu wa michezo, makocha wa kambi zetu kuanzia hapa hadi Kaptagat, na wazazi wanaopenda kusimama kando ya njia kushangilia. Samaki mkunje angali mbichi. Msimu ujao, mtoto wako atakapokuambia kwamba leo amepanda kilima mara nane, mpongeze, kisha umuulize ameshukaje mara hizo nane. Akikosa jibu, nenda kamwone mwalimu wake.